Mlinzi Niliyemkimbia Doha

Waliyosema kabla sijaondoka

Shemeji yangu Laiton alisema nitaishia Chalinze. Alisema hivyo mbele ya watu, kwenye sherehe ya kipaimara cha binti yake, akiwa na paja la kuku mkononi, na watu wakacheka mpaka mchungaji naye akacheka. Mwenye duka la vipuri jirani na kwangu alisema anayetalii ni Mzungu; Mwafrika husafiri kwa msiba au kwa harusi. Mhasibu wa kampuni niliyoifanyia kazi miaka tisa, mtu mwenye shahada yake, aliniambia kwa upole kwamba diploma haivuki bahari.

Imevuka. Nimekwenda Lisbon, Ureno, na nimerudi, na kwa kuwa kila ninayekutana naye hapa Iringa ananishika mkono na kuuliza ilikuwaje, nimeona niandike mara moja ili mdomo upumzike.

Kwa wasionijua, mimi ni Ezekia, mtoto wa muuza vitunguu wa Ilula. Diploma yangu ya utalii nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha magari ya wageni. Kwa miaka kumi na miwili nimepeleka watalii Ruaha, na kila siku ya kwanza, kabla gari halijawashwa, huwa nawapa nasaha za usalama: usitoke hemani peke yako, usionyeshe pesa, gawanya vitu vyako, ujue utampigia nani ukiumia. Hakuna mgeni wangu aliyewahi kupoteza hata miwani. Mwaka huu nikafungua kampuni yangu ya kufanya kinyume chake, yaani kuwatoa Watanzania kwenda kuitembelea Ulaya. Walimu wastaafu, manesi, wazee wa kanisa. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshajiandikisha kwenda Lisbon, wakaniuliza swali moja tu: tukipatwa na jambo huko, tufanyeje? Nikasema nitatangulia mwenyewe, nitembee mitaa yote, niwaandikie kijitabu. Bila Lisbon hakuna kijitabu, na bila kijitabu hakuna kampuni.

Hilo ndilo nililokwenda nalo. Niliporudi nilikuwa na la pili: kuna mtu huko Doha, Qatar, nilikobadilishia ndege, alikaribia kupoteza kazi kwa sababu yangu. Nitasimulia yote, hata yasiyonipamba.

Iringa hadi Dar es Salaam

Nilikuwa nimeandika kanuni tano kwenye daftari. Ya kwanza: pasipoti ikae mwilini, si mkobani. Ya pili: weka picha ya pasipoti kwenye simu na nakala nyingine kwa mtu wa nyumbani. Ya tatu: pesa zisikae mahali pamoja. Ya nne: ijue namba ya dharura ya nchi kabla hujashuka kwenye ndege. Hizo nne ni nzuri na mpaka leo nazisimamia.

Ya tano ilikuwa hii: ugenini, mtu usiyemjua akikuita kwa Kiswahili, usigeuke. Sikuitunga peke yangu. Mnaijua. Sote tumelelewa nayo, kwamba Mzungu atakuibia kwenye bei, lakini Mswahili mwenzako ndiye anayejua pa kukushika. Fundi cherehani aliyenishonea fulana ya ndani yenye mifuko miwili ya siri kifuani alinisimulia habari za binamu yake aliyelizwa na "ndugu" huko Istanbul, akaongeza zipu bila malipo.

Basi liliharibika Chalinze. Naandika kwa sababu Laiton atalisikia kwa mwingine. Tulikaa saa nne pembeni ya barabara, nikala mahindi ya kuchoma mawili na mayai matatu, nikazima simu ili asinipigie. Kisha likatengenezwa tukaendelea. Kwa hiyo Chalinze nilifika, ila sikuishia.

Dar es Salaam hadi Doha

Kwenye ndege nilikaa na dada mmoja wa Singida aliyekuwa anakwenda kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Nilimfunga mkanda, nikamwonyesha choo kilipo na namna ya kufungua ile sahani ya chakula iliyofunikwa kwa karatasi ya bati. Akaniuliza kama nami nakwenda kazini.

"Natalii," nikamwambia.

"Na nani?"

"Peke yangu."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia nimefiwa. Alitaka tuongee, lakini niliikumbuka kanuni ya tano nikavaa vifaa vya masikioni, ingawa havikuwa vinapiga kitu. Tulipofika Doha alichukuliwa pamoja na wenzake wanane, wote wameshika bahasha za rangi moja, wakafuata mtu mmoja kwenye mlango wa pembeni. Aligeuka kunipungia. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Ndege ya kwenda Lisbon ilikuwa kesho yake asubuhi, na begi kubwa lilikuwa limeshatangulizwa. Mambo ya mihuri na foleni siyasimulii. Nilikuwa na mkoba mdogo, chumba nilichokuwa nimekiweka Al Sadd, na nusu siku ya kuona mji bure. Mtaalamu hapotezi nusu siku.

Al Sadd

Metro ya Doha ni safi kuliko hospitali yetu ya mkoa. Nilishuka Al Sadd nikapanda ngazi kwenda juu, na joto likanipokea usoni kama mvuke wa sufuria ya pilau ikifunuliwa. Nimezaliwa Tanzania, nimefanya kazi Ruaha mwezi wa kumi, nikidhani joto nalijua. Hatua mia mbili tu na shati limeganda mgongoni. Barabarani hapakuwa na mtu wa miguu ila mimi. Watu wote walikuwa ndani ya magari au ndani ya vioo. Nilinunua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, nikainywa nimesimama chini ya kivuli cha bango, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nikaona kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyenitaja jina.

Jasho likaanza kunitia wasiwasi. Fulana ya fundi ilikuwa imelowa, na ndani yake mna pasipoti, kadi ya benki na karibu dola zangu zote. Nikaingia kwenye jengo moja la maduka, nikaenda chooni, nikaivua fulana nikaitundika kwenye ndoano nyuma ya mlango ili ipoe kidogo. Nikajifuta kwa karatasi, nikavaa shati, nikatoka zangu nikijisikia mtu mpya.

Nilikuwa nimekaribia mlango mkubwa wa nje niliposikia nyuma yangu, "Ndugu! Wewe ndugu wa shati ya blue! Simama kidogo!"

Kiswahili. Nikageuka nusu. Mtu mrefu mweusi wa sare za ulinzi, anakuja haraka. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza. "Simama, bwana, si nakuita?" Nikageuka tena, nikamwona ameanza kukimbia, na mimi, mtu wa miaka arobaini na mmoja mwenye diploma, nikatoka mbio. Nilipita katikati ya familia yenye vigari vya watoto, nikatoka nje, nikajitupa kwenye teksi ya kwanza na kumwambia dereva anipeleke soko la Souq Waqif. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona amesimama kwenye jua, ameinua kitu juu, anakipunga.

Nikajipongeza. Nilisema moyoni kwamba kanuni zinafanya kazi.

Tulikuwa tumefika Souq Waqif nilipojigusa kifua.

Al Mansoura, siku tatu

Niliporudi kwenye yale maduka, yule mlinzi hakuwepo mlangoni. Kijana wa mapokezi, kwa Kiingereza cha taratibu, aliniambia kwamba ndiyo, fulana imeandikishwa, imefungiwa kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea, na mwenye ofisi atakuja Jumapili, maana Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Nikamweleza ndege yangu ni kesho. Alisikitika kweli. Lakini ufunguo hakuwa nao.

Hotelini nikaonyesha picha ya pasipoti kwenye simu. Wakakataa, walitaka yenyewe. Ubalozi nao ulikuwa umefungwa hadi Jumapili. Andikeni hili, nyinyi mtakaosafiri nami: picha ya pasipoti inasaidia ubalozini, haikupi kitanda. Na ukipoteza kitu, uliza kwanza siku za mapumziko za nchi hiyo, kwa sababu si kila mahali Ijumaa ni siku ya kazi.

Mfukoni nilikuwa na riali chache tu zilizobaki baada ya teksi. Nilitembea kuelekea Al Mansoura kwa sababu niliambiwa huko chakula ni rahisi. Ni mtaa wa majengo yaliyobanana, maduka ya kufulia nguo chini, saluni juu, harufu ya binzari kila kona. Nikaingia mgahawa wa Kihindi nikaagiza chapati moja. Meza ya pili walikaa wanaume wawili wakibishana juu ya bei ya samaki. Kwa Kiswahili.

Nilikaa dakika kama ishirini nikiitazama chapati. Miaka yote nimekuwa yule anayekaa mbali na mtu wa namna ile. Mwishowe niliinuka, nikawasogelea na kusema, "Samahanini, ndugu zangu, nimepatwa na shida."

Wakatazamana. Mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya viua, akacheka kidogo. Huyo ni Haji, Mzanzibari, mpishi wa hoteli. "Pasipoti imepotea, sio?" akasema kabla sijafika huko. "Na ya mwenzio wa mwezi uliopita nayo ilipotea. Naye akaondoka na simu yangu."

Mwenzake ni Sudi, mtu wa Muheza, dereva wa familia moja. Aliendelea kula huku akinitazama viatu.

Nikawaeleza kila kitu, isipokuwa mbio. Nilisema nimeisahau chooni, basi. Haji alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaniuliza kazi ya wazazi wangu. Nikasema vitunguu, Ilula. Akasema haya, twende, tukaone.

Chumbani kwao, ghorofa ya tatu, vitanda sita, alinipa kisu na kilo nzima ya vitunguu vya sambusa za Ijumaa. Nilivikata kama ninavyojua tangu nina miaka saba, vyembamba kama karatasi, bila chozi, na nilipomaliza wote waliokuwepo chumbani walikuwa wamesimama kunitazama.

"Mwizi hakati kitunguu hivi," Haji akamwambia Sudi. "Huyu kalelewa."

Haji alikuwa zamu ya usiku wiki ile, kwa hiyo kitanda chake kilikuwa kitupu usiku. Akanipa kitanda, shuka na shati lake. Sudi akanipa riali za chakula na laini ya simu. Hawakuniandikisha popote. Walisema tu, ukipata chako utatupa chetu. Ijumaa asubuhi ndege yangu iliondoka. Niliisikia nikiwa nimelala kwenye kitanda cha mtu mwingine, au niliisikia nyingine nikadhani ni yangu.

Chakula nitawasimulia maana mmeniuliza. Ugali wao wanausonga kwa unga wa ngano wa semolina, unavutika kama mpira, na Haji anapika mchuzi wa papa mkavu aliyeletewa na mtu kutoka kwao Unguja. Jumamosi alikuja Mganda mmoja wa chumba cha pili akakaa nasi, akasema ugali huo ni tusi. Akala sahani mbili. Walikuwa wakicheka, wakirushiana maneno, kila mtu anampigia mama yake kwa simu ya picha na kumwonyesha chakula. Mimi nilikaa pembeni nikiwa nimezima yangu. Nyumbani walidhani niko Lisbon. Mke wangu alikuwa ametuma ujumbe, "Ulaya kukoje?" na nikawa nimemjibu, "Kuzuri sana, ni joto kidogo."

Sijawahi kuwa mpweke vile, na nilikuwa kwenye chumba chenye watu saba.

Ofisi ya vitu vilivyopotea

Jumapili Sudi alinipeleka. Msimamizi wa ulinzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Fulana ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki, zipu imefungwa, vitu vyote vimo. Kabla hajanipa, aligeuza kioo cha kompyuta ili nami nione.

Ilikuwa picha ya kamera. Mtu wa shati la bluu anatembea. Mlinzi anatokea nyuma yake. Mtu wa shati anageuka, anamtazama, anaongeza mwendo. Anageuka tena. Anakimbia. Hakuna sauti. Na kwa kuwa mlinzi ameibeba fulana iliyokunjwa upande usioonekana na kamera, unachokiona ni mgeni anayemkimbia mlinzi kwa hofu ya roho yake.

Msimamizi akaniuliza taratibu: mlinzi huyu alikufanya nini? Alikuomba pesa? Alikutisha? Alisema niwe huru kusema, mlinzi ameshaondolewa kwenye lindo lake mpaka jambo liishe.

Ukweli ulikuwa mfupi, ungetosha mstari mmoja. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba mimi ni mtaalamu wa usalama wa wasafiri, na kadi ya kampuni yangu ilikuwa mezani pake. Nikasema hakunifanya kitu. Nikasema nilikuwa nawahi teksi, sikumwona. Akanipa karatasi nikaandika hivyo na kusaini, na chini nikaandika, kama ninavyofanya siku zote, Diploma ya Utalii.

Alinitazama kidogo, akanipa fulana. Nikauliza nimshukuru wapi huyo mlinzi. Akasema hayupo zamu. Nilimwachia Sudi namba yangu amtafutie, tukakubaliana madeni nitalipa nikipita kurudi, nikalipia tiketi nyingine na kuondoka Jumatatu asubuhi.

Lisbon

Nilifika. Hilo hakuna wa kunipokonya.

Nitakayowaandikia kwenye kijitabu ni haya, na nimeyahakikisha kwa miguu yangu. Namba ya dharura ni moja-moja-mbili, na inapigwa hata kwa simu isiyo na salio. Kwenye tramu za njano zinazopanda vilima, mkoba uwe mbele, mkono juu yake, hasa watu wanaposukumana mlangoni. Mawe ya njia za miguu yameng'aa kama sabuni. Mama zetu wenye magoti wavae raba. Muuza miwani ya jua barabarani akikunong'oneza biashara nyingine, pita tu. Andika anwani ya hoteli kwenye karatasi, maana simu ikizimika huwezi kuitamka. Ukiugua kidogo tafuta duka la dawa lenye msalaba wa kijani unaowaka.

Nilipanda, nilishuka, nilipima dakika, nilichora ramani. Nilikula dagaa wakubwa wa kuchoma na mkate kwenye meza ya mtu mmoja. Kanuni zangu zilifanya kazi kikamilifu: siku nzima hakuna aliyenigusa mfuko, na hakuna aliyenisemesha. Jumatano nilizungumza na watu wawili, muuza tiketi na muuza maji. Nilijikuta nimesimama kwenye kilele cha kilima kimoja, mapaa mekundu yote chini yangu, mto umetanuka kama ziwa, nikitafuta mtu wa kumwambia, "Umeona?"

Alhamisi ikaingia sauti iliyorekodiwa kwenye simu, namba ya Qatar. Niliisikiliza nimekaa ukingoni mwa chemchemi.

"Boss, habari ya huko. Ni Wekesa hapa, ule soja ulitoroka kwa mall. Sudi ndiye amenipea namba. Sasa skiza, mimi sina noma na wewe. Nilipata vesti kwa choo, nikaona ina kitu ngumu ndani, nikafungua kidogo nikaona ni pasipoti ya Tanzania, ndio nikakuita Kiswahili. Nilidhani utafurahi. Lakini hiyo barua uliandika imenimaliza. Wanasema camera inaonyesha uliniangalia mara mbili, so ukisema hukuniona ni uongo, na wanasema unanificha sababu nilikutisha. Jumapili wanakaa na kesi yangu. Wakisema hapana, mimi narudi Bungoma hivyo tu. Nakuuliza kitu moja. Mbona ulitoroka?"

Niliirudia mara nne. Alikuwa ameongea kama mtu anayeuliza njia.

Ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Ijumaa na Jumamosi nilikuwa nimezitenga kwenda Sintra, mji wa majumba ya kifalme ambao nusu ya wateja wangu wameshausikia, na kuuliza hospitali ipi ina mtu wa kutafsiri Kiingereza. Nilijiambia naweza kumtumia msimamizi barua nyingine kwa simu. Kisha nikaona barua ya kwanza nayo ilikuwa barua. Ijumaa asubuhi nilibadilisha tiketi, na mpaka leo ukurasa wa Sintra kwenye kijitabu changu ni mweupe. Atakayeniuliza kwa nini, sababu ni hiyo.

Doha tena

Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msimamizi, nimevaa shati la Haji kwa sababu langu lilikuwa chafu. Wekesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje cha ofisi, kwa nguo za nyumbani, magoti yamebanana. Alisimama akanisalimia kwa mikono miwili. Nikamwambia samahani kaka, akajibu ni sawa, ingia kwanza.

Niliingia. Nikamwambia msimamizi kwamba niliyoandika si kweli. Nilimwona yule mlinzi, nilimsikia, na nilimkimbia kwa sababu aliniita kwa Kiswahili.

Akaweka kalamu chini. "Kiswahili ni lugha yako?"

"Ndiyo."

"Angekuita kwa Kiingereza?"

"Ningesimama."

"Kwa Kiarabu?"

"Ningesimama pia, nadhani."

Aliangalia kadi yangu, bado alikuwa nayo, pale palipoandikwa usalama wa wasafiri. Mimi nilitazama ukuta. Nimewahi kukaa ndani ya gari simba akiwa amelala kivulini kwake, mita mbili, na sikuona haya wala hofu kama ile.

"Andika," akasema. "Na hilo la Kiingereza liandike pia."

Nikaandika kila kitu, kanuni ya tano neno kwa neno, na chini nikasaini jina langu tupu. Akaisoma mara mbili, akaniambia nimwite mtu wangu aliyeko nje. Sikuambiwa niondoke, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia Wekesa kwamba kuacha lindo bila kutoa taarifa kwenye redio ni kosa, na kosa hilo litabaki kwenye faili. La pili, la kunitisha, limefutwa. Zamu yake ni saa nane mchana, lindo lile lile la ndani.

Wekesa akasema "Yes sir" mara tatu. Nje, kwenye korido, akaegemea ukuta akacheka peke yake bila sauti, kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Lakini wewe," akaniambia, "hujanijibu bado. Kwani nyinyi huko Tanzania mnaogopa Kiswahili?"

Nikamwambia tunamwogopa anayekizungumza. Akafikiri kidogo, akasema hata kwao mama yake alimwambia hivyo hivyo kabla hajapanda ndege.

Nilikuwa na muda mpaka jioni. Nikaenda Al Mansoura. Sudi nilimrudishia riali zake na laini yake, pamoja na makopo manne ya dagaa wa Lisbon. Aliyageuza, akasoma, akasema dagaa gani wana picha ya mwanamke. Haji nilimnunulia mashuka mapya mawili, na shati lake nikalifua kwa mkono wangu bafuni kwao nikalianika dirishani. Alinilaumu kwa kulifua kwa sabuni ya vyombo. Kisha akaniambia nikate vitunguu, kuna mgeni anakuja, kijana wa Mtwara, anasema pasipoti imepotea.

Saa kumi nilipita Al Sadd kwa mara ya mwisho. Wekesa alikuwa mahali pake, kando ya mlango mkubwa, sare imepigwa pasi, redio begani. Nilikuwa nimemletea mkoba mdogo wa ngozi. Alikataa kuugusa.

"Nikiwa kazini siwezi pokea kitu ya mgeni. Wewe unataka nifutwe kazi?"

Nikamwambia basi aniambie nimlipe nini, maana wengine wote nimeshawalipa na sitaki kupanda ndege nikiwa na deni. Aliangalia kushoto na kulia. Akaninyooshea kidole juu, kwenye kitu cheusi kilicho darini.

"Hiyo ndiyo camera ilituona ukitoroka. Simama hapa karibu na mimi. Dakika moja tu, usiongee sana, na usitembee."

Nilisimama, bega kwa bega naye, mikono mbele, nikiutazama mlango kama yeye. Watu walipita na vigari vyao vya watoto. Aliniuliza, bila kugeuza kichwa, kama Lisbon ni kuzuri. Nikamwambia ni kuzuri, ila hakuna mtu aliyeniita. Dakika ilipoisha hakusema imeisha, nami sikuuliza.

Kisha akasema, "Sawa, nenda sasa. Niko kazi."